Kengele ya Urnerboden

Watu wakisikia kwamba niliwahi kwenda Uswisi nikiwa kijana, huniuliza kuhusu chokoleti na theluji. Wa rika langu huongeza benki. Nikiwajibu kwamba nilikuwa naamka alfajiri kukamua ng'ombe, na kwamba kwa wiki tisa nguo zangu zilinuka samadi, hunitazama kama mtu anayeficha jambo.

Ilikuwa 1999. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo, na kwa kuwa mafunzo ya vijana ya Jeshi la Kujenga Taifa, JKT, yalikuwa yamesimamishwa tangu 1994, sikuwa na pa kwenda wala cha kufanya zaidi ya kukaa dukani kwa mama hapo Ifakara. Mama alikuwa muuguzi, na duka lilikuwa la jioni na Jumapili. Uuguzi alifundishwa kazini na sista mmoja wa Uswisi aliyefika Tanganyika kabla ya Uhuru na kurudi kwao akiwa mzee, magoti yamechoka. Waliandikiana barua miaka yote. Mwaka ule barua ilikuja na habari tofauti: Sista na ndugu zake wamechangishana nauli, kijana aje akae nao kiangazi kimoja, aone.

Kwetu Ifakara, Mswisi hakuwa mtu wa ajabu. Wakapuchini wa Uswisi, watawa wa Kikatoliki, walikuwa bondeni kwetu Kilombero tangu miaka ya 1920, na mwaka 1957 profesa Rudolf Geigy kutoka Basel akaanzisha maabara ya magonjwa ya kitropiki ambayo leo imekua ikawa Taasisi ya Afya Ifakara. Kwa hiyo tangu utotoni nilijua Waswisi wa aina mbili: wa misheni na wa mbu. Sikujua kama wapo wa ng'ombe.

Sista alinipokea uwanja wa ndege Zürich. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti kubwa hadi watu wakageuka. Kiswahili chake kilikuwa cha babu zetu. Gari aliliita motokaa, ndege aliiita eropleni, na alipotaka kujua habari za nyumbani aliuliza, "U hali gani, mwanangu? Mama hajambo? Na mpunga mwaka huu?" Nilikuwa nimejiandaa kwa Kiingereza changu cha shuleni, sikukihitaji hata sentensi moja siku ile.

Tulipanda treni hadi Flüelen, kwenye ncha ya ziwa, kisha basi la njano la posta. Barabara inapita Altdorf, inapanda bonde la Schächental, halafu inaanza kujikunja kuelekea mlima wa Klausen. Kabla ya kila kona iliyojificha dereva alipiga honi yenye sauti tatu, tamu kabisa, kama mwanzo wa wimbo wa kwaya. "Motokaa itapanda sana," Sista akaniambia, "ukisikia kichefuchefu sema." Sikusema, ingawa nilisikia. Juu kabisa, mita 1,948, kibao cha jina la mlima kilikuwa kimezungukwa na viraka vya theluji chafu ya mwishoni mwa Juni. Nilitaka basi lisimame niishike. Halikusimama, mabasi ya kule hayamsubiri mtu, na theluji nayo, kama nilivyokuja kujua, ingenifuata yenyewe.

Tukashuka upande wa pili. Hapo ndipo nikaiona Urnerboden.

Ni uwanda bapa wa kijani uliolala kati ya kuta mbili za mawe, kama sakafu ya ukumbi mkubwa uliong'olewa paa. Kanisa dogo liko juu ya kilima, nyumba za mbao zimetawanyika, na kijito kinapita katikati. Kabla sijashuka nilisikia kengele, nyingi mno, hazifuati mdundo wowote. Nikamwuliza Sista kama ni misa. Alicheka hadi akafuta machozi. "Hao ni ng'ombe, mwanangu."

Walikuwa zaidi ya elfu moja. Urnerboden ndiyo malisho makubwa kuliko yote ya ng'ombe wa maziwa wa milimani katika Uswisi. Wakati wa baridi wanabaki watu wachache, barabara ya Klausen imefungwa kwa theluji, na njia pekee ni ya chini kuelekea Linthal. Kiangazi wafugaji wanapanda na mifugo, familia nzima, mbwa, nguruwe na masufuria. Mwanzoni wanakaa pale uwandani. Majani yakipungua, mwezi wa Julai, wanapanda tena hadi vibanda vya juu, chini ya miamba. Mwishoni mwa kiangazi wanashuka uwandani, na kabla baridi haijakaza wanarudi kwenye mashamba yao mabondeni.

Nilipoelewa hayo niliduwaa. Nilikuwa nimelelewa katika nyumba ya wakulima wa mpunga. Miaka ile wafugaji wa Kisukuma, na wale tuliowaita Wamang'ati, walikuwa wanaingia Bonde la Kilombero mwaka hadi mwaka, na mjomba wangu aliwahi kukuta ekari nzima ya mpunga wake imelazwa na ng'ombe usiku mmoja. Nyumbani neno mfugaji lilitamkwa kwa namna yake, mdomo ukipinda kidogo. Shuleni nako tulifundishwa madhara ya ufugaji wa kuhamahama, nami niliyajibu kwenye mtihani kwa ufasaha: kumaliza ardhi, kueneza magonjwa, watoto kukosa masomo, watu kukataa maendeleo. Nilipata alama nzuri sana. Sasa nimevuka bahari, nimefika kwa watu wa saa na benki, nakuta nao wanahama na ng'ombe.

Mwenyeji wetu alikuwa kaka yake Sista, mzee wa miaka sabini na kitu, pamoja na mwanawe, mkwewe na wajukuu watatu. Mzee alikuwa na mikono kama mizizi ya mwembe. Nilimwamkia shikamoo naye, bila kufikiri. Akamtazama dada yake. Sista akajaribu kumweleza kwamba ni salamu ya kumpa mkubwa heshima, akazunguka sana na maneno, mwishowe akakata tamaa na kumfundisha tu kuitikia. Tangu siku hiyo kila asubuhi mzee alinisubiri mlangoni, uso mkavu, hadi nimwamkie, kisha anasema "Maraba" na kwenda zake.

Usiku wa kwanza sikulala. Kwetu saa moja jioni giza limeshaingia, nawe unajua siku imekwisha. Pale saa nne usiku kulikuwa bado na mwanga, na mwili wangu ulikataa kuamini kwamba ni usiku. Sista alikuwa ameniambia, "Kesho saa tano asubuhi uamke, tukakamue." Nikamshukuru Mungu moyoni, watu waungwana hawa, wanamwacha mgeni apumzike hadi jua limepanda. Nikavuta blanketi.

Niligongewa mlango kwa fimbo bado kuna ukungu. Ilikuwa saa kumi na moja alfajiri, ambayo kwao ni saa tano. Miaka aliyokaa kwao ilikuwa imemla Sista saa zake za Kiswahili. Maneno yalibaki, hesabu ikapotea. Ikabidi tuweke utaratibu: akinitajia saa, naongeza sita, kisha namwuliza tena kwa uhakika. Kuna chai yao ya asubuhi inaitwa Znüni, yaani ya saa tisa, ambayo kwetu ni saa tatu, na ya jioni, Zvieri, ya saa nne, ambayo kwetu ni saa kumi. Wajukuu walipogundua kwamba saa zangu ziko tofauti, waliniita kwa Znüni saa zote za mchana ili wanione nahesabu.

Ng'ombe wao ni wa kahawia unaoelekea kijivu, mdomo mweupe kama waliolamba unga. Ukubwa wao ulinitisha. Ng'ombe wetu wa asili ukimsimamisha kando ya yule angedhaniwa ndama. Ishirini na mbili walikuwa wa familia, na kila mmoja ana jina na hulka. Kulikuwa na mashine ya kukamulia, ila wawili waliikataa, wakipiga teke. Hao nikapewa mimi, kwa mkono. Sijui kama lilikuwa jaribio au utani. Wiki ya kwanza nilitoa kikombe huku mkwe wa mzee akitoa ndoo. Wiki ya tatu nilikuwa nakamua na kusinzia kwa wakati mmoja, paji la uso nimeliegemeza kwenye ubavu wa ng'ombe, na nakiri sijawahi kuegemea mahali penye joto zuri kama pale.

Maziwa yalimiminwa kwenye sufuria la shaba linaloweza kumwogesha mtu mzima, likaning'inizwa juu ya moto wa kuni. Yakipata uvuguvugu mzee anatia dawa ya kugandisha inayotoka kwenye tumbo la ndama. Yakishaganda anayakata kwa kifaa chenye nyuzi kama kinubi, yanakuwa punje, anayapasha tena moto huku akikoroga bila kusimama. Mkono wake ndio uliokuwa kipimajoto. Halafu anaingiza kitambaa chini ya punje zile, kitambaa amekishika ncha mbili kwa mikono na nyingine kwa meno, anachota furushi zima na kulitia kwenye duara la mbao likaminywe. Lita kumi za maziwa hutoa kama kilo moja ya jibini. Maji yanayobaki wanapewa nguruwe, ndiyo sababu nguruwe nao walipanda mlima. Nilimwambia Sista kwamba mama angeona kupoteza lita kumi kwa kilo moja ni wazimu. Akasema maziwa hayashuki mlima bila kuharibika, jibini hushuka hata Septemba. Nikanyamaza.

Kazi iliyonishinda ni majani. Miteremko ya juu, ambako hata ng'ombe hawezi kusimama, hukatwa kwa mkono ili kupata chakula cha wakati wa baridi. Unavaa viatu vyenye meno ya chuma, unashika mundu wenye mpini mrefu kuliko mguu wako, unafyeka ukiwa umeegemea mlima. Majani yakikauka yanafungwa mzigo, unatundikwa kwenye waya, unateremka bondeni peke yake ukipiga mluzi. Mimi niliruhusiwa kushika reki tu, sehemu ya chini, na hata hapo nilikaa chini mara mbili na kukataa kuinuka. Mjukuu wa kike wa miaka kumi na mbili alinishika mkono kunishusha. Watu hawa walihangaikia fungu la majani ambalo kwetu mtu angelichoma moto bila kuliangalia mara mbili.

Jioni moja mvua ilitufungia ndani na mzee akasimulia, Sista akitafsiri. Uri na Glarus ni majimbo mawili jirani, na Urnerboden iko upande wa Glarus wa mlima. Maji yake yanateremkia Glarus, na mtu akitazama ramani ataona ni ya Glarus. Mbona basi ni ya Uri? Zamani, mzee alisema, pande hizo mbili ziligombea mpaka hadi zikachoka. Wakakubaliana: siku moja, jogoo wa kwanza akiwika, kila upande utoe mkimbiaji wake, na watakapokutana ndio uwe mpaka. Watu wa Glarus wakamlisha jogoo wao akavimba, wakijua aliyeshiba atawika kwa nguvu. Watu wa Uri wakamnyima wao chakula. Siku ilipofika, jogoo mwenye njaa aliwika usiku ungali mzito, na wa Glarus alilala fofofo. Mkimbiaji wa Uri akavuka mlima, akateremka mbali sana upande wa pili kabla hajamwona mwenzake. Wa Glarus akalia, akaomba arudishiwe kidogo. Akajibiwa: nibebe mgongoni ukipanda mlima, utakapoishia ndipo pako. Akambeba. Akapanda hadi moyo ukapasuka, akafa pale pale mpaka ulipo leo.

Nilipenda hadithi ile, lakini nilimwuliza mzee swali ambalo halikumfurahisha: kama ni haki kupewa malisho kwa sababu ya jogoo. Alivuta kiko chake kitambo. Akasema jogoo aliwapa ardhi siku moja, kuitunza kumewachukua miaka mia kadhaa.

Ndipo akanieleza jinsi inavyokwenda. Malisho si ya mzee wala si ya jirani yake. Ni ya chama cha wenyeji kiitwacho Korporation Uri, na mwenye haki ya kupandisha ng'ombe anajulikana, idadi inajulikana, na siku ya kupanda inapangwa. Kanuni ya msingi ya milima ile ni moja: usipandishe ng'ombe wengi kuliko unaoweza kuwalisha kwako wakati wa baridi. Katika kijiji cha Törbel, huko Valais, kanuni hiyo iliandikwa tangu 1517. Miaka kumi baadaye nilisikia redioni kwamba Elinor Ostrom, Mmarekani, amekuwa mwanamke wa kwanza kupata Nobeli ya uchumi, na miongoni mwa mambo aliyochunguza ni hao hao watu wa Törbel na malisho yao ya pamoja. Nikamkumbuka mzee na kiko chake.

Kuna haki nyingine iliyonigusa zaidi: theluji ikianguka kiangazi, mifugo ina ruhusa ya kushuka hadi malisho ya chini yaliyotengwa, hata kama siku yake haijafika. Tuliitumia. Katikati ya Agosti, tukiwa vibanda vya juu, niliamka kukiwa na ukimya usio wa kawaida. Kengele zote zimekaa kimya. Nilifungua mlango nikakuta dunia nyeupe. Wote wakanitazama, wakijua ndiyo mara yangu ya kwanza kuigusa. Niliishika, nikailamba, nikapiga kelele kama mtoto. Kisha nikafanya kazi ngumu kuliko siku zote, tukiwateremsha ng'ombe ishirini na mbili wanaoteleza, vidole vyangu vimekufa ganzi, natamani jua la Ifakara liniunguze.

Ila ukiniuliza kilichonikaa zaidi, ni sauti ya jioni. Kule Uri bado ni Wakatoliki wa kizamani. Giza likikaribia mzee alitoka na mrija wa mbao, ule mpana wa kuchujia maziwa, akauweka mdomoni kama tarumbeta, akageukia bonde na kuimba sala kwa sauti iliyonyooka, pande zote nne. Alimwita Bikira Maria, akawaita watakatifu mmoja mmoja, akaomba nyumba, watu na mifugo vilindwe usiku ule. Wanaamini ulinzi unafika pale sauti inapofika. Akimaliza, unasikia kutoka kibanda cha mbali mwingine anaanza, na mwingine mbali zaidi, hadi inakuwa vigumu kujua ni mtu au ni mwamba unaojibu. Sista alisimama kando yangu akinong'ona tafsiri kwa Kiswahili chake cha motokaa na eropleni. Usiku wa tarehe 1 Agosti, sikukuu yao ya taifa wanapokumbuka mwaka 1291, mioto iliwashwa juu ya kila kilima, na bado mzee aliimba kwanza ndipo akawasha wake.

Niliagwa mwishoni mwa mwezi huo. Mzee alinipa kengele ndogo ya ndama, ya shaba, mkanda wake wa ngozi umelainishwa na jasho la shingo. Forodhani Dar es Salaam ofisa aliitikisa mara tatu akicheka. Mjomba hakucheka. "Kengele ya ng'ombe? Nyumbani kwangu?" Basi mama akaitundika kwenye mlango wa duka, ikawa inalia kila mteja akiingia.

Sista alifariki miaka michache baadaye. Desemba 2023 UNESCO iliorodhesha maisha yale ya kupanda na kushuka na mifugo Uswisi kuwa urithi wa utamaduni wa binadamu, na serikali yao huwalipa wafugaji kwa kila kiangazi wanachopanda. Niliisoma habari hiyo kwenye simu nikiwa dukani, nikaisoma tena. Lakini nilikuwa nimeshakumbushwa Urnerboden muda mrefu kabla ya hapo, na si na UNESCO.

Mwishoni mwa 2012 kulikuwa na operesheni kubwa ya kuondoa mifugo Bonde la Kilombero. Ng'ombe walipita mjini kwa maelfu, wengine kwa miguu, wengine kwenye malori. Nilikuwa likizo, nakaa dukani badala ya mama. Akaingia mfugaji wa makamo, shuka jeusi, fimbo mkononi. Kengele ikalia. Akasimama, akaitazama, akaishika na kuigeuza ndani kuona ulimi wake umefungwaje.

"Hii si ya huku," akasema.

Nikamwambia ilikotoka. Nikamsimulia juu ya ng'ombe elfu, vibanda vya chini na vya juu, siku za kupanda na za kushuka. Alisikiliza kichwa kimeinama. Nilipomaliza akauliza swali moja.

"Wakifika huko juu, nani huwafukuza?"

"Hakuna, mzee. Malisho ni yao, kwa pamoja."

Akaitikisa tena, taratibu, akauliza kama naiuza. Nikasema hapana, ni zawadi. Akanunua chumvi ya mawe kilo tano, akahesabu noti zake mara mbili, akatoka.